Nyumba Arobaini za Daktari Adyero

Mvumilivu hula mbovu. Tajudin, muuza vitambaa, angengoja kujulishwa kwa adabu, yule mwanamke wa gauni refu la kijani angempotea hivi hivi katika foleni ya sukari, Nakawa, mwaka wa sabini na sita. Alikuwa amechutama mbele ya mtoto aliyevimba taya, akimhoji mama yake.

"Na shangazi zake? Yupo aliyevimba hivi?"

Tajudin akaacha foleni. "Dada, sukari unaitafuta kwa shangazi za watu?"

"Natafuta saratani," alijibu bila kugeuka. "Wewe shangazi unao wangapi?"

"Saba. Wote wananitafutia mke."

Akacheka, akajitaja: Daktari Adyero, wa hospitali ya Mulago.

Tangu hapo simu ya dukani haikupoa. Asubuhi Adyero alitibu watoto. Jioni alizunguka nyumba arobaini, atambue kwa nini uvimbe ule humshika mtoto ukamruka nduguye. Kila ukoo aliuchora daftarini: duara mwanamke, mraba mwanamume, mgonjwa wino mweusi. Alijua mababu wa watu kuliko wenyewe.

"Mpenzi, utakula lini?"

"Nikijua ugonjwa huu unarithiwa vipi. Niletee sambusa."

Alhamisi moja alisahau daftari dukani. Mchana wanajeshi wakaanza kupekua maduka, wakitokea mwanzo wa mtaa. Tajudin akalifungua: Odur, Ongom, Aloyo, Waacholi na Walango, nyumba kwa nyumba, kila mtu na alama yake. Watu wa makabila hayo walikuwa wakichukuliwa, hawarudi. Nani angeamini hii si orodha ya maadui wa serikali? Akalitia kwenye sigiri ya kahawa, makaa yakiwaka.

Adyero aliposikia hakupiga kelele. "Miaka minne ya kazi, Taju," alisema tu. Wiki tatu hakupokea simu.

Wiki ya nne Adyero alimkuta Tajudin barazani kwa mzee Ongom, daftari jipya magotini, akichora duara lililopinda.

"Nyumba ya tisa hii," Tajudin alisema. "Naandika namba, majina nayabeba kichwani. Na babu yake mzee huyu alikuwa na wake watatu. Wewe uliniambia wawili."

Adyero akaketi, akamnyang'anya kalamu, akalinyoosha duara.

"Na kwa mchoro huu ndio unataka kunioa?"

"Hata kesho."

"Kwanza sema samahani."

"Sisemi. Daftari lile lilikuwa na majina ya watu mia tatu, na lako juu ya jalada. Lingekuwepo leo, ningelichoma tena."