Skana ya Ukurasa Mmoja

"Kisima, hapa Msumari. Nina mkia."

"Msumari, Kisima tunakusikia. Mkia gani?"

"Gari dogo la kijivu. Watu wawili."

"Ukate. Kifaranga kiko salama?"

Msumari aligeuza shingo kidogo. Nyuma yake, juu ya pikipiki iliyokuwa ikikata kona kama imelaaniwa, alikaa kifaranga mwenyewe: mama wa miaka hamsini na nane, karani wa masjala, helmeti imemshuka hadi kwenye nyusi. Kwa mkono mmoja alimshika Msumari mkanda, kwa wa pili aliukumbatia mkoba wake mweusi.

"Kiko salama. Kinasoma dua."

"Sisomi dua!" mama alimfokea sikioni. "Nasema punguza mwendo!"

Hakupunguza. Alizama kwenye uchochoro wa wauza vitambaa, akapita katikati ya marobota mawili, akalipiga teke la tatu likaanguka njiani. Gari la kijivu lilifika pale likakwama.

Honi. Matusi. Kisha kimya.

Saa ya mkononi ya Msumari, Casio, ilionyesha saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Chumba cha siri cha Kisima, kikosi cha upelelezi alichotumikia Msumari, kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mafundi wa kushona sare za shule. Cherehani kumi na mbili zilinguruma chini kutwa nzima, kwa hiyo hakuna jirani aliyesikia kitu. Mle ndani mlikuwa na meza moja, viti viwili, pazia zito, na juu ya meza, skana nzito ya zamani yenye lakiri nyekundu ya mahakama ubavuni.

Mama alivua helmeti, akajipangusa jasho, akatoa daftari la jalada jekundu mkobani.

Kurasa kumi na moja. Ndizo zilizokuwa na namba za makontena manne, mihuri ya kughushi na sahihi ya Mkurugenzi wa ghala anakofanya kazi mama. Makontena yalijaa vichupa vilivyoandikwa dawa ya kisukari, na ndani yake maji ya chumvi. Yangetoka getini saa nne kamili. Yakishatoka, nani atayakusanya tena kutoka kila hospitali?

Na hilo lilikuwa nusu tu ya balaa.

Mkurugenzi alikuwa na desturi yake. Kila siku alifika saa tatu na nusu, na kabla hajavua koti alifungua droo na kuligusa daftari kwa mkono wake. Mwezi uliopita karani wa dawati la pili alilichungulia. Jioni ile ile aligongwa na gari lisilo na namba. Leo mama ndiye aliyekuwa na ufunguo wa droo, kwa hiyo daftari lisipokuwepo, hapangekuwa na haja ya kuuliza nani.

"Saa tatu na robo niwe nimetoka hapa," mama alisema. "Nikichelewa, mwanangu, usinitafute."

"Hutachelewa, mama. Hii kazi ya dakika kumi."

Kwa nini asipige picha kwa simu, yaishe? Kisima kilishapiga mara mbili, na mara mbili hakimu akazitupilia mbali. Alitaka nakala za skana iliyosajiliwa mahakamani, yenye lakiri. Skana ya namna hiyo Kisima kilikuwa nayo moja tu, hii hii.

Msumari aliweka bastola yake, Beretta, mezani, akafungua laptopu. Ilikuwa mpya. Wiki iliyopita mafundi wa Kisima walikusanya laptopu zote za zamani wakagawa hizi, nyembamba, zenye mfumo wa Linux, kwa sababu za usalama. Alichomeka waya wa skana kwenye tundu la USB la bluu. Akalaza ukurasa wa kwanza. Akabonyeza.

Taa ilitembea taratibu chini ya kioo. Ukurasa ukatokea, safi, hadi mikunjo ya karatasi ilionekana.

"Umeona?" alisema kwa majivuno. Akalaza wa pili.

Taa haikutembea.

Akabonyeza tena. *Hitilafu ya kifaa.*

Akachomoa waya, akachomeka. *Hitilafu ya kifaa.* Akazima skana, akaiwasha. Ilikohoa kidogo, ikanyamaza.

"Mwanangu," mama alianza, "hiyo skana ni kama ile ya—"

"Subiri kidogo, mama."

Alimpigia Fundi wa Kisima.

"Fundi, skana imegoma. Imetoa ukurasa mmoja ikanuna."

"Umezima ukawasha?"

"Nimezima nikawasha."

"Hebu zima tena uwashe."

Msumari alishusha pumzi. Alishawahi kuning'inia dakika arobaini nje ya dirisha la ghorofa ya tisa bila kutukana. Akazima. Akawasha.

"Vile vile."

"Sasa andika amri hii: scanimage, acha nafasi, kistari, L kubwa. Inakuonyesha skana?"

"Inanionyesha. Hadi jina lake."

"Basi draiva, ile programu ya kuiendesha, ipo, na skana ni nzima."

"Nzima, mbona haifanyi kazi?"

"Sijui, kwangu hapa inafanya."

"Kwako hapo una skana kama hii?"

"Ya aina nyingine."

Mama aliinua kidole kama mwanafunzi anayejua jibu. "Ofisini kwetu hiyo hiyo ilitusumbua tangu—"

"Mama, nakuomba. Haya ni mambo ya mafundi."

Mama alishusha kidole, akashika mkoba wake, akatazama ukutani.

"Umeichomeka tundu la rangi gani?" Fundi aliuliza.

"Bluu."

"Aaa! Hiyo ni USB 3. Skana kongwe hazipatani na matundu mapya. Ihamishie kwenye tundu jeusi la pembeni, hiyo ni USB 2."

Msumari aliigeuza laptopu. Tundu jeusi lilikuwepo kweli. Lilikuwa limejaa gundi ngumu hadi mdomoni.

"Fundi. Nani kaziba hili tundu kwa gundi?"

"Aaa... Ule waraka. Unasema matundu yote meusi yazibwe, watu wasiingize flashi."

"Na ya bluu?"

"Waraka uliandikwa zamani, ya bluu yalikuwa hayajakuwepo. Haukuyataja, tukayaacha."

"Yaani mmeziba linalofaa mkaacha lisilofaa!"

"Sisi tumefuata waraka, kaka. Izime laptopu yote, iwake upya. Mimi natafuta dawa, nitakupigia."

Kuwaka upya kulichukua dakika sita, maana palikuwa na nywila tatu. Saa mbili na dakika hamsini na mbili ukurasa wa pili ulitoka. Wa tatu ukagoma.

Hesabu ilikuwa rahisi na ilikuwa mbaya. Kurasa tisa zimebaki, kila moja dakika saba. Zingeisha saa nne kasoro dakika tano. Wakati huo Mkurugenzi angekuwa ameshafungua droo.

"Kisima kwa Msumari. Hakimu anangoja."

"Angoje."

"Msumari, hakimu hangojeshwi."

"Basi aje awashe hii takataka mwenyewe!" Akaitupa redio kwenye kiti.

"Mwanangu," mama alisema polepole.

"Mama, tafadhali!"

Sauti ilipaa kuliko alivyotaka. Mama aliuvuta mkoba kifuani. Macho yake yalikuwa kwenye daftari. Msumari aliyaona macho yale. Aliona haya, lakini hakuwa na muda wa haya. Alichomoa kisu cha buti, akaanza kuchokonoa gundi. Alichokonoa dakika nne, ulimi umemtoka. Gundi haikubanduka hata punje. Ncha ya kisu ikakatika, ikaruka, ikagonga dirisha.

Alifuata mlio ule hadi penye pazia. Akachungulia.

Gari la kijivu lilikuwa chini.

Wanaume wawili walisimama mlangoni pa duka. Mmoja aliuliza mafundi cherehani kitu, mwingine akatazama juu.

Saa tatu kasoro dakika moja. Msumari alirudi, akakaa, akaishika skana kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuikaba koo. Bastola ipo, redio ipo, saa ya kuzamia maji ipo, na hakuna hata kimoja kinachojua kusogeza taa ile chini ya kioo. Alichoka. Alikasirika mpaka hasira yenyewe ikamwishia.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sasa naweza kusema?"

"Sema, mama."

Mama alifungua mkoba. Alitoa miwani, chanuo, funguo, kitambaa kilichofungwa fundo. Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kidude cha plastiki kilichochubuka, chenye matundu manne ya USB, yote meusi, na kijiwaya kifupi.

"Mwaka jana walituletea kompyuta mpya masjala, hizo hizo za Linux," alisema. "Skana ikawa hivi hivi. Ukurasa mmoja, halafu imezira. Tuliwaandikia mafundi barua tatu, hakuna aliyejibu. Nikaenda kwa muuza mitumba ya vifaa, nikamwambia nipe kile cha zamani kabisa. Skana hii ni mzee, mwanangu. Tundu jipya linamsemesha mbio mbio, hajamaliza kujibu la kwanza limeshauliza la pili. Hiki nacho kizee. Kikikaa katikati, wanaelewana."

"Na unatembea nacho mkobani?"

"Ofisini kwetu vitu vina miguu. Ukiacha mezani, hukikuti."

Msumari alichomeka kidude kwenye tundu la bluu, na skana kwenye kidude. Akawasha laptopu upya, dakika sita ndefu kuliko zote alizopata kuishi, huku nyayo zikisikika kwenye ngazi, zikipanda, zikisimama, zikishuka tena. Saa tatu na dakika sita alilaza ukurasa wa tatu. Taa ikatembea.

Akalaza wa nne huku amefumba jicho moja.

Taa ikatembea.

"Usikae unaishangaa," mama alisema. "Leta, mimi nageuza, wewe bonyeza."

Miaka thelathini na moja ya masjala ilikuwa kwenye vidole vile. Aligeuza, akalaza, akanyoosha kona, akasema "haya." Geuza, laza, "haya." Wa tano, wa sita, wa saba. Wa nane ulisita kidogo, roho ya Msumari ikasita nao, kisha ukaenda. Wa kumi na moja ulitoka saa tatu na dakika kumi na mbili.

"Kisima, hapa Msumari. Natuma."

"Tunahesabu... Kumi na moja. Zimefika. Anapelekewa hakimu."

Mama alishaweka daftari mkobani na kushika kitasa cha mlango.

"Mama, wale watu wako chini. Ngoja niwatoe kwanza."

"Uwatoe kwa risasi? Nitachelewa. Wao wanatafuta kijana wa pikipiki. Mimi hawajaniona uso."

Akashuka. Msumari alisimama nyuma ya pazia, Beretta mkononi, kidole kwenye kifyatulio. Alimwona mama akitoka dukani na sare mbili za watoto alizonunua, amezikunja juu ya mkoba. Mmoja wa wale watu alimwinamia.

"Shikamoo, mama. Hujaona kijana na pikipiki humu?"

"Marahaba. Mimi nimefuata nguo za wajukuu. Hebu nipishe, mwanangu."

Wakampisha.

Saa tatu na nusu ilifika, ikapita. Redio ilinyamaza. Msumari hakukaa. Alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, akijilaani kwa zile dakika arobaini alizozichoma akimnyamazisha mtu mwenye jibu mkobani. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Simu ililia saa nne kasorobo. Aliirukia.

"Kaka, nimepata dawa!" Alikuwa Fundi, furaha tele. "Kabla ya kuskani unaandika amri ya SANE_USB_WORKAROUND, alama ya usawa, moja. Wengi wamepona nayo!"

"Fundi."

"Naam?"

"Iandike kwenye waraka." Akakata.

Saa nne kasoro dakika tatu, redio ikakoroma. "Msumari, hakimu ametia sahihi. Geti limefungwa, makontena yote manne yako ndani. Vijana wetu wanaingia ofisini sasa."

"Na kifaranga?"

"Hatujui bado."

Alitoka mlangoni kama chumba kinaungua moto. Chini, wateja wawili waliokuwa wakipimwa suruali, kumbe vijana wa Kisima, waliacha kupimwa na kuwafunga pingu watu wa gari la kijivu. Msumari alipita katikati yao bila kugeuka, akapanda pikipiki.

Ofisi ya ghala ilijaa askari. Mkurugenzi alisimama karibu na droo iliyo wazi, koti limetundikwa kitini, daftari jekundu mezani mbele yake, akipiga kelele kuwa hajui limetoka wapi. Watu wanne walimhoji kwa pamoja. Na pale kwenye kona ya masjala, kando ya dawati tupu la mwenzake, mama alikuwa amesimama na mkoba wake, mzima, akijaribu kumwonyesha kitu mkuu wa kikosi.

"Kuna daftari la pili, liko—"

"Mama, hebu kaa pembeni kwanza," mkuu wa kikosi alisema bila kumtazama. "Tuko kazini."

Msumari alivuta kiti, akakiweka katikati ya chumba.

"Keti hapa, mama." Akamgeukia mkuu wa kikosi. "Huyu ndiye aliyewafikisha hapa. Zima redio, toa kalamu, umsikilize mpaka amalize."

Mkuu wa kikosi alizima redio, akatoa kalamu. Mama aliketi, akavaa miwani yake.

Msumari alitoa kile kidude mfukoni, kimefungwa vizuri ndani ya kitambaa chake, akamwekea kiganjani.

"Kisije kikapata miguu," alisema.

Akavaa helmeti, akatoka nje kwenye jua, na nyuma yake alisikia sauti ya mama ikianza, polepole, bila kukatizwa na mtu.