Mishono ya Mashoto

Kila siku mchana, kengele ya kutoka shule ikishalia, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alipitia nyumbani kuchukua bakuli la chakula, akampelekea kaka yake kwenye karakana ya fundi viatu. Pale karakanani walimwita Kwanini, na jina lilimkaa. Angekuuliza kwa nini gundi hupakwa pande zote mbili, na kabla hujamaliza kujibu ameshauliza kwa nini huachwa ikauke kidogo ndipo soli ibandikwe. Mtu mwenye haraka zake angemkimbia. Fundi viatu, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakumkimbia hata siku moja.

Kaka yake alikuwa mmoja wa vijana wanne waliokuwa wakijifunza kazi pale. Mwaka uliopita aliacha shule akahamia kijiweni, na wenzake wa kijiwe hicho walikuwa wepesi wa kukwapua simu za watu. Mara mbili mama yao aliitwa kituo cha polisi. Siku hizo nyumbani hapakulika wala hapakulalika. Ndipo watu wa mtaa, wenye maduka na wazazi, wakachanga na kuanzisha mfuko wa vijana. Mfuko ulimkabidhi kila kijana kwa fundi wa kumlea kikazi, ukanunua ngozi, nyuzi na gundi, na kumpa fundi posho kwa muda wake. Sasa kaka aliamka mwenyewe asubuhi, na mama akaanza tena kucheka.

Basi siku hiyo Kwanini aliingia karakanani akakuta pamebadilika. Sakafu imefagiliwa, fundi amevaa koti. Kwenye rafu ya juu, ambako kila mwanafunzi huweka jozi aliyoshona kila mwezi yenye karatasi ya jina na tarehe, vile viatu vya zamani vyote vimetoweka. Vilibaki viatu jozi nne tu, vipya, vinang'aa.

Kwanini aliteremsha jozi yenye jina la kaka yake, akaigeuzageuza.

"Kaka, hivi ni vyako?"

"Karatasi inasemaje?"

"Mbona mishono imelala upande wa kulia? Wewe ni wa mashoto. Mishono yako hulala kushoto."

Kaka alimvuta pembeni, akashusha sauti. "Mdogo wangu, leo nakuomba ufunge mdomo. Wageni wa mfuko wa vijana wanakuja. Fundi ameshona mwenyewe wiki nzima ili tusiaibike. Wageni wakikataa kuendelea kuchangia, hapa hakuna ngozi ya kujifunzia. Na mimi nitaenda wapi? Unajua ni wapi."

Kwanini alijua. Alikaa kwenye kigoda akanyamaza, ingawa maswali yalimwasha kooni.

Wageni walikuwa watatu. Aliyetangulia ni mwenyekiti wa mfuko, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyezoea kupima kila kitu kwa jicho. Alisalimia wote, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu.

"Huyu amejifunza muda gani?" aliuliza, ameshika viatu vya kaka.

"Miezi tisa, mama," akajibu fundi.

"Na huyu?"

"Huyu ana wiki tano."

Mwenyekiti aliweka jozi hizo mbili mezani, akazitazama, akazitazama tena. "Fundi, mimi si mshonaji. Lakini wa wiki tano na wa miezi tisa wanashona sawasawa? Kama walikuja wanajua, hawauhitaji mfuko wetu. Kama walikuja hawajui, miezi tisa hii imeongeza nini? Nina vijana kumi na wawili wanasubiri nafasi, na fundi mmoja wa magodoro yuko tayari kuwapokea."

"Vijana wangu ni wepesi wa kushika, mama," alisema fundi, akicheka kicheko kisicho na furaha. Kaka alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Kwanini aliona mambo yanaharibika mbele ya macho yake. Akisema, atamfedhehesha fundi. Asiposema, mama huyu ataondoka na mfuko wake. Alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Samahani, mama. Ukiona viatu vilivyoharibika, utafunga mfuko?"

Mwenyekiti aligeuka. Hakukasirika. "Hilo ni swali zuri. Inategemea, mwanangu. Nitataka kujua nani aliviharibu, na baada ya hapo alifanya nini."

Kisha kaka akasimama.

"Mama, viatu hivyo sikushona mimi," alisema. "Hakuna kati yetu aliyeshona. Vyetu viko nyuma ya mlango."

Fundi aliketi kwa uzito, akavua miwani. Kaka alileta gunia, akavipanga viatu vyake sakafuni kwa kufuata tarehe. Mwenyekiti alichuchumaa. Aliokota jozi ya kwanza, akakunja uso.

"Hivi vina nini? Mbona sielewi?"

"Vyote viwili ni vya mguu wa kulia, mama. Nilisahau kugeuza kipande cha pili cha ngozi."

Wageni waliangua kicheko, na kaka naye, kwa aibu, akacheka. Jozi ya mwezi wa tatu ilikuwa ya kulia na kushoto, ila soli imeachama. Ya mwezi wa sita soli imeshika. Ya wiki iliyopita ilikuwa na mshono mmoja tu uliopinda kisiginoni, na mtu angeweza kuivaa akaenda nayo kazini. Mwenyekiti alimpa kaka sindano na kipande cha ngozi, akamsimamia ashone. Kaka akashona, taratibu, kwa mkono wa kushoto.

"Hiki ndicho nilichokuja kukiona," alisema mwenyekiti. "Fundi, kwa nini ulikificha?"

"Niliogopa," akajibu fundi. "Nilidhani mkiona makosa yao mtasema mimi si mwalimu."

"Sisi tulichanga kwa ajili ya watu wasiojua. Ukituficha walivyokuwa hawajui, unatuficha pia walivyojifunza. Kazi ya kweli yenye kasoro inatusaidia kuamua. Kazi nzuri ya uongo karibu ituondoe hapa. Mfuko utaendelea mwaka mwingine, lakini safari ijayo sitaki kuona rafu imefagiliwa."

Wageni walipoondoka, fundi aliwasindikiza hadi mlangoni. Kisha akawageukia vijana wake wanne.

"Nisameheni," alisema. "Kuweka kazi yangu chini ya majina yenu ni sawa na kuwaambia kazi yenu haifai. Nilikosea. Nanyi msije mkamfanyia hivyo mtu mtakayemfundisha."

Polisi walishamfokea kaka, walimu walishamfukuza darasani, majirani walishamfungia milango. Mtu mzima wa kumwomba radhi hakuwahi kumwona. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamsogezea fundi kiti.

"Yameisha, fundi," alisema. "Kaa, unionyeshe hapa kisiginoni nilikosea wapi."