Alfajiri ya Kutaja Majina

Paaaa!

Tarumbeta ililia gizani. Mara moja tu.

Sekela akafumbua macho. "Bibi, ni nini hicho?"

"Ni Pasaka! Amka, mvivu wee. Leo tumemtangulia jogoo."

Sekela akavaa sweta. Akavaa viatu. Cha kulia kikaenda kushoto, cha kushoto kikaenda kulia.

"Aa, leo miguu yako imegombana?" Bibi akasema, akamvisha upya.

Usharika wao una desturi. Alfajiri ya Pasaka, watu wote huenda makaburini. Husoma Neno pamoja, wakingoja jua. Kisha kila nyumba hutaja jina la mtu wake aliyekufa mwaka ule. Mkubwa wa nyumba ndiye hulitaja.

Mwaka huu, nyumbani kwa Sekela alikuwa amekufa Babu.

Tangu Babu afe, Bibi hakutaja jina lake. Alisema tu, "yule mwenzangu."

"Bibi, leo utalitaja?"

"Sijui, mjukuu wangu. Likifika kooni, linakwama."

Moyo wa Sekela ukapiga, du, du, du. Je, jina la Babu litarukwa?

Wakapanda kilima. Taa mbele, taa nyuma. Taa nyingi, nyingi! Kama nyota zimeshuka kutembea.

Kule juu, Mchungaji akafungua Biblia. Watu wakafungua zao. Fya, fya, fya.

Mmoja asoma, wote waitikia.
Neno laenda, Neno larudi.

Mchungaji akasoma: Mariamu alikuja kaburini, kungali giza.

Watu wakaitikia: Mariamu alisimama, akalia.

Sauti nzito za wazee. Sauti nyembamba za watoto. Zote zikawa sauti moja, kubwa kama mto. Sekela akaisikia hadi kwenye nyayo zake.

Mmoja asoma, wote waitikia.
Neno laenda, Neno larudi.

Mariamu aliona mtu. Alidhani ni mtunza bustani. Kumbe ni Yesu! Yu hai! Naye akamwita kwa jina.

"Mariamu!" watu wote wakasoma.

Jina likaruka bondeni. Likarudi polepole: Mariamu... Mariamu...

Sekela akashika pumzi. "Bibi," akanong'ona, "Yesu alimjua kwa jina?"

"Anatujua sote, mama."

"Hata Babu?"

Kidole cha Bibi kilitulia juu ya ukurasa.

Kisha majina yakaanza.

"Tumpe," akasema mzee mmoja.

"Yu salama kwa Bwana!" watu wakaitikia.

"Lugano," akasema mama mmoja.

"Yu salama kwa Bwana!"

Zamu ya Bibi ikafika. Bibi akafungua kinywa. Jina likakwama.

Mchungaji akangoja. Watu wote wakangoja.

Sekela akaushika mkono wa Bibi.

"Bibi, ni kama kusoma tu," akanong'ona. "Wewe unasema jina moja. Sisi sote tunaitikia."

Bibi akamtazama Sekela. Akawatazama watu. Wote walikuwa wamemgeukia, tayari kuitikia.

Mmoja asoma, wote waitikia.
Neno laenda, Neno larudi.

Nyuma ya mlima, jua likachungulia. Mwanga ukagusa majani. Ukagusa misalaba. Ukagusa uso wa Bibi.

Bibi akavuta pumzi ndefu.

"Ambakisye," akalitaja jina la Babu.