Kichekesho cha Mzee Mtetemo

Kila alipotoka shule, Redio alitupa mkoba kitandani, akavua sare, akameza chakula bila kukitafuna sawasawa, kisha mbio kwa mjomba wake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Mtaani alikuwa Redio, kwa sababu kinywa chake hakikuwa na swichi ya kuzimia. Hata mwalimu mkuu, mtu asiye na mzaha kabisa, siku moja alijisahau akamwita hivyo hivyo mstarini.

Kazi ya mjomba ilionewa wivu na watoto wote wa mtaa. Alitia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za nje. Aliketi katika chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, akasogeza maikrofoni mdomoni, na peke yake akawa jambazi, polisi, bibi harusi na mbwa wa bibi harusi. Filamu zikikamilika zilipelekwa kwenye ukumbi wa video ng'ambo ya barabara, ambako mashabiki walibanana kwenye mabenchi. Wengi hawakufuata filamu yenyewe. Walifuata vichekesho ambavyo mjomba aliviongeza kwa akili yake.

"Watu wana shida zao," mjomba alizoea kusema. "Wakija kwangu, wacheke."

Siku moja ikaja filamu nzito. Ilihusu mchezaji mpira aliyeumia goti, akazoea dawa za kutuliza maumivu, kutoka hapo akaangukia dawa za kulevya, mpaka akauza viatu vya shule vya binti yake. Kuna mahali bwana huyo alikaa sakafuni bafuni, mwili mzima unamtetemeka, meno yanagongana, akasema maneno machache kwa sauti ndogo. Mjomba akasimamisha picha na kukuna kichwa.

"Hapa wateja watanilalia usingizi," akasema. "Mpwa wangu, hebu niokoe. Huyu aseme nini?"

Redio hakufikiri hata kidogo. "Aseme, 'Msiniguse, nimemeza jenereta!'"

Mjomba alicheka akajishika mbavu. Akambatiza yule mtu jina la Mzee Mtetemo, akamtia jenereta mdomoni, na mlio wake juu: "Trrrr!" Kazi ikaisha.

Haikupita wiki, mtaa ukagawanyika. Kinyozi aliapa kwamba hajawahi kuona filamu tamu kama ile. Muuza mitumba akasema ni aibu kuwaonyesha watu mtu anayejidunga sindano, na kama angekuwa na uwezo angeipiga marufuku. Lakini moto wenyewe uliwaka shuleni, maana mabishano ya watoto hayana mwenyekiti.

"Ni kichekesho!" alipiga kelele mvulana wa dawati la nyuma, aliyeitwa Kichwa kwa sababu zilizoonekana kwa macho.

"Si kichekesho," akajibu msichana mmoja. "Binamu yangu ameiona kwenye simu, ile isiyotiwa maneno. Anasema alilia."

"Binamu yako hulia hata akiona kitunguu kizima!"

Redio akapanda juu ya benchi. Akakunja magoti, akatetemeka kuanzia kidevu hadi vidole vya miguu. "Msiniguse, nimemeza jenereta! Trrrr!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Ni mmoja tu ambaye hakucheka, naye alikuwa jirani yake wa dawati, Kimya. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, na urafiki wao haukuwa na ugomvi, kwani mmoja alisema na mwingine alisikiliza.

"Hiyo si ya kuchekesha," Kimya akasema.

"Kwani wewe umeiona wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani!" Redio akawageukia wenzake, mikono kiunoni. "Jamani, kwao hata televisheni hawana!"

Kicheko kikapaa mpaka darasa la jirani. Kimya akainama, akaanza kuchonga penseli iliyokuwa imekwisha kuchongwa.

Kufikia mwisho wa juma, jenereta ilikuwa inanguruma kila kona. Watoto waliokuwa hawajui hata kufunga vifungo vya shati walitetemeka na kulia "Trrrr!" Redio alipita katikati yao kichwa kikimvimba. Maneno yake yalikuwa yameenea kuliko matangazo ya sabuni.

Siku ya mapumziko mama yake akamtuma. "Kanichukulie sketi yangu kwa fundi. Na usikae kupiga domo huko."

Fundi alikuwa mama yake Kimya. Alishonea chumba cha mbele, na pazia lilitenganisha chumba hicho na kile cha ndani. Siku hiyo cherehani ilikuwa imenyamaza. Redio alikuwa karibu kubisha hodi aliposikia sauti nyuma ya pazia.

"Mwanangu, inuka. Tangu juzi hujaenda kliniki."

"Siendi, mama." Sauti ilikuwa ya kiume, nzito, yenye kukwaruza. "Nikifika pale kona wananipigia jenereta. Watoto wadogo, mama! 'Mzee Mtetemo, trrrr!' Hata muuza vocha anacheka. Afadhali nirudi kule kwa wenzangu wa zamani. Kule hakuna anayenicheka."

Kimya akatoka nyuma ya pazia na sketi mkononi. Alipomwona rafiki yake mlangoni hakushtuka, ila alionekana amechoka.

"Ni kaka yangu," akasema. "Tuliwaambia watu yuko masomoni. Hakuwa masomoni, alikuwa anatumia unga. Sasa amerudi, anatibiwa. Kila siku muuguzi humpa dawa ya kikombe, anainywa mbele yake. Asipokwenda, arosto inamrudia. Ni homa ya kukosa ule unga. Anatetemeka, mifupa inamuuma kama inatwangwa." Akamkabidhi sketi. "Nilikwambia nimeiona nyumbani."

Kile kinywa kisicho na swichi kikazimika. Redio aliipokea sketi, akaondoka bila hata kuaga.

Njiani alisikia "Trrrr!" mara kwa mara, na kila mara masikio yalimwaka kama amezabwa kofi. Halafu wazo likamjia, jepesi na la kuteleza. Nani anajua? Mtaa wote uliamini maneno yale ni ya mjomba, kwa kuwa sauti ilikuwa yake. Akinyamaza tu, baada ya muda watu watapata filamu nyingine. Akalipenda wazo hilo kwa hatua chache. Kisha akamkumbuka yule kaka akisema kule hakuna anayemcheka, akaongeza mwendo.

Akaitupa sketi nyumbani na kwenda kwa mjomba.

"Mjomba, yule mtu wa bafuni alisema nini hasa?"

"Aa, ya nini tena hayo? Filamu imeshatoka, wateja wanaifurahia."

"Alisema nini, mjomba?"

Mjomba akafungua ile filamu, ingawa hakuhitaji kuifungua. "Anamwambia mkewe," akasema akitazama magodoro ukutani, "'Zima taa. Mwanangu asinione hivi.'"

Redio akamweleza habari za kaka yake Kimya, kona, kliniki, yote. Mjomba akajifuta uso kwa viganja.

"Tumekosa, mpwa wangu. Mimi zaidi, maana mimi ni mkubwa, na maneno ya kweli niliyajua nikakuuliza ya uongo."

Hapo hapo akaifuta jenereta. Akalisema lile ombi la taa kwa sauti ndogo, kama alivyolisema yule mtu wa bafuni, kisha akaacha kimya kipite bila kukijaza. Redio alitarajia aibu itamtoka kifuani. Haikutoka. Filamu hufutika, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na ya kwake yalikuwa yamemfikia mtu mgonjwa kitandani.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi, sketi ina kasoro?"

"Sketi haina. Mwenye kasoro ni mimi." "Maneno ya jenereta si ya mjomba. Niliyatunga mimi. Na shuleni nimeyaigiza kila siku, nikamcheka hata Kimya kwamba hamna televisheni."

Kimya, aliyekuwa akikata nyuzi, aliacha mkasi wazi mkononi. Pazia likasogea. Kaka yake alitoka amejifunika shuka mabegani, kijana mrefu ambaye nguo zilimning'inia kama zimetundikwa kwenye msumari.

"Wewe ndiye mtunzi?"

"Ndiyo, kaka."

"Umewahi kuniona nikitetemeka?"

"Hapana."

"Basi una kipaji. Ulipatia."

Hakuna aliyecheka. Redio angefurahi kama angetukanwa. Machozi yalimshuka, akashindwa hata kuyafuta. "Nisamehe, kaka," akasema.

"Nikikusamehe, kona itahama?"

"Haihami. Lakini nitapita nawe."

Kaka akamtazama mama yake. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Wakatoka watatu, kaka katikati. Pale kona, Kichwa na kundi lake walikuwa wamekaa juu ya ukuta. "Oyaa, Mzee Mtetemo! Trrr—"

"Hayo maneno nimeyatunga mimi!" Redio akapaza sauti, ingawa ilikuwa inakatika. "Kwenye filamu hayamo. Yule mtu alikuwa anaomba taa izimwe, mtoto wake asimwone. Sikujua, nikamfanya kichekesho. Huyu ni mgonjwa, anakwenda kutibiwa. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi."

Walimcheka kweli. "Redio imeharibika!" Kichwa akapiga kelele, wengine wakapiga makofi. Redio alisimama pale masikio yakimwaka, akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Alipogeuka, kaka na Kimya walikuwa wameshavuka barabara. Akakimbia kuwafuata.

Muuguzi alimtazama kaka juu ya miwani. "Umechelewa," akasema. "Lakini umefika. Na hizo siku ulizokosa hatuwezi kuzipuuza. Kaa hapa kwanza nikupime, daktari aamue tuanzie kiasi gani."

Mtaani mabishano hayakuisha. Kinyozi alinung'unika kwamba filamu iliyorekebishwa imepooza. Muuza mitumba aliitazama mpaka mwisho, akasema bado si ya watoto wadogo, ila safari hii alisema huku akipenga kamasi. Mjomba aliwaacha wabishane.

Baada ya siku kadhaa fundi alimwita Redio ndani, akampa upande mmoja wa kitambaa ashike huku yeye akikata.

"Sikiliza, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Mtu wa homa akitetemeka, tunamtafutia shuka. Uraibu nao ni ugonjwa, na mgonjwa hutibiwa, hachekwi. Dawa ya kliniki peke yake haitoshi kama njia ya kwendea imejaa dhihaka. Kuchekesha ni kipaji, usikiache. Ila kabla hujachekesha, uliza kicheko chako kitamwangukia nani. Na ukikosea, sema mwenyewe, kama ulivyosema. Ungenyamaza, mimi nisingejua kamwe, lakini mwanangu angekuwa bado amelala pale ndani."

"Nimesikia, mama," Redio akasema. Bado hakuweza kumtazama usoni.

Kimya alikuwa kwenye benchi akishona vifungo. Alisogea tu pembeni, akamwachia nafasi ya kukaa.