Karata Arobaini za Asteria

Mfuko wa Masele ulipasuka katikati ya stendi ya Geita, saa nne asubuhi, wapiga debe wakigombania abiria wa Kahama. Karata zake zikamwagika vumbini: askari wa moto, wachawi, majoka, rangi tano tofauti. Msichana aliyevaa gauni la kitenge cha njano, nywele kasuka twende kilioni, akainama kumsaidia kuokota. Alipoinuka alikuwa ameshazipanga kwa rangi, bila kuombwa.

"Kaka, hizi zote unazichezea pamoja?"

"Zote nazipenda."

"Hii siyo seti. Ni kachumbari."

Masele aliona aibu, kisha akacheka. Msichana aliitwa Asteria, mpima sampuli kwenye maabara moja ya dhahabu pale mjini; mchezo wa karata hizo aliujulia chuoni. Masele naye alikuwa amemaliza ualimu, anafundisha tuisheni huku akisubiri ajira. Wakapeana namba za simu.

Kila Jumapili wakawa wanakutana kwa Mama Mwahija, muuza chai. Katika mchezo ule kila mtu hujipangia karata zake arobaini, na kila rangi ina tabia yake. Asteria alimwachia mbili tu: nyekundu, yenye moto unaowahi, na nyeusi, inayokula nguvu za mpinzani. Kila karata aliiuliza swali moja: unapiga lini? Zilizochelewa kujibu ziliwekwa kando. Wakabaki askari wadogo wadogo wanaotoka raundi ya kwanza na kushambulia ya pili, mpinzani hata hajakaa sawa kitini.

Masele aling'ang'ania joka lake jekundu.

"Hili liache, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Wote wawili wakatazama chai.

"Linatoka raundi ya saba," Asteria akasema taratibu. "Litafika matanga yameshaanuliwa, Mwalimu."

Joka likatoka. Asteria akaiandika orodha ya karata arobaini nyuma ya bahasha ya sampuli, na Masele akaitia mfuko wa shati.

Mashindano yalifanyika Kahama. Tangu asubuhi vijana wa safu ya mbele walimtania kwamba amekuja na mama yake wa kumshikia koti, maana kweli Asteria alikuwa amelishika, ameketi safu ya tatu. Fainali Masele akaimaliza raundi ya nne. Ngusa, mwandaaji, akamsogezea kipaza sauti.

"Bwana Masele, seti kali namna hii kakupangia nani?"

Masele aliwatazama wale vijana. Bahasha ilikuwa kifuani pake.

"Nimejipangia mwenyewe."

Ukumbi ukapiga makofi. Safu ya tatu, Asteria alilikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka kitini na kutoka.

Kikombe Masele alikificha uvunguni. Mama yake alipouliza kwa nini hakiweki sebuleni, alisema kitashika vumbi. Simu zake hazikupokelewa kwa wiki nzima. Siku Asteria alipopokea, Masele aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Asteria alisikiliza yote.

"Masele, umenikana kwenye kipaza sauti. Unaniomba radhi kwenye simu."

Akakata.

Miezi miwili baadaye mashindano yalihamia Shinyanga mjini. Michezo haijaanza, Masele alimwomba Ngusa kipaza sauti.

"Seti iliyoshinda Kahama aliipanga Asteria. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu kusema nimefundishwa na mwanamke. Aibu niliyo nayo sasa inazidi ile."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unashika karata tu, Mwalimu?" mmoja wa wale vijana akauliza. Kicheko kikazunguka ukumbi.

"Ndiyo. Nilikuwa nashika tu."

Hapo ndipo alipomwona mlangoni, suruali nyeusi na koti la jinzi, kadi ya mchezaji shingoni. Asteria alikuja kucheza mwenyewe. Masele akapita katikati ya kicheko, uso unamwaka, akamkabidhi seti. "Mimi sichezi leo," alisema. "Hizi ni zako."

Asteria akazihesabu bila haraka.

"Zipo arobaini na moja."

Ya mwisho ilikuwa joka jekundu.

"Hilo si la seti. Nilikuwa nalipenda, nimekupa."

Asteria aliligeuza huku na huku. "Limechelewa sana hili."

"Matanga yameshaanuliwa?"

Asteria aliuma mdomo kuzuia kicheko, akashindwa. Akalitia joka mkobani, akavua koti la jinzi na kumtundikia Masele mkononi.

"Bado. Kakae safu ya tatu."

Masele akaenda kukaa, mbele ya vijana wote wale, koti mapajani.