Simu ya Pili Kwenye Gari

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mkanda umefungwa, fuvu limepasuka kisogoni. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Gari lilikuwa bado ndani ya geti la nyumba aliyopanga, na skrini ya dashibodi iliendelea kumtakia safari njema.

Inspekta, mwanamke ambaye kituo kizima kilimwita Msumari kwa sababu akishaingia kwenye kesi hang'oki, aliinama dirishani. Aliichukia kazi yake siku kama hizi.

"Chuma kizito," alisema daktari wa polisi. "Kapigwa mara nyingi, lakini pigo la kwanza lilitosha."

"Na mengine?"

"Hasira tu."

Spana ya magurudumu ilipatikana mtaroni nyuma ya ukuta. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa, ila nywele zilikuwa zimegandia. Ilikuwa imetoka kwenye buti la gari hilohilo.

Mwalimu alihamia pale kimyakimya baada ya kuachana na mume aliyekuwa akimpiga. Anwani aliijua mtu mmoja, kaka yake seremala, aliyembebea vyombo. Seremala alisema asubuhi ile dada yake alipouawa alikuwa bado amelala kwake, na usingizi hauna shahidi. Akawekwa ndani.

Mama yao hakungoja uchunguzi. Alimrukia mwanawe palepale kaunta, akamparura uso kwa kucha, akampiga makofi mpaka askari wawili wakamshika mikono.

"Ni wewe peke yako uliyejua," alisema huku akitweta. "Umeniulia binti yangu."

Seremala hakujikinga. Alisimama damu ikimtiririka shavuni, na Msumari akaona kwamba huyu akifungwa kwa kosa lisilo lake, mama atakuwa amezika wawili.

Alimwita fundi wa kampuni iliyoliuza gari. Fundi alichomeka kompyuta yake chini ya usukani.

"Afande, magari ya sasa hayana siri. Hili linatuma kila kitu makao makuu. Limekwenda wapi, limefunga breki vipi, nani kafungua mlango."

"Nani kafungua?"

"Simu. Zimeunganishwa mbili, ya marehemu na hii nyingine. Hii nyingine ilifungua buti, kisha mlango wa nyuma. Kiti cha nyuma kikahisi uzito wa mtu. Marehemu akaja baadaye, akakaa mbele." Fundi akasita. "Gari lilimwonya kuwa abiria wa nyuma hajafunga mkanda."

Msumari aliitazama skrini ya dashibodi. "Alionywa?"

"Kitaa kidogo tu, afande. Wengi wetu hatuvitazami."

Simu ya pili ilikuwa ya mume wa zamani. Walipoachana waligawana vitanda, sufuria, hadi mapazia. Hakuna aliyekumbuka kumwondoa mume kwenye gari.

Msumari na sajini wake walimkuta kazini, kwenye duka la magari, akimsifia mteja viti vya ngozi. Alipoona pingu alimpiga sajini kichwa cha pua na kukimbilia mlango wa kioo. Sajini, pua imevunjika, alimdaka kiunoni wakaanguka pamoja na kioo. Ilibidi Msumari amkandamize shingo kwa goti ndipo mikono ikafungika.

Chumba cha mahojiano kilinuka dawa ya vidonda.

"Ulijuaje anakoishi?"

"Sijui anakoishi."

"Gari limesema."

"Gari ni mashine."

"Ndivyo unavyowaambia wateja wako?"

Muuza magari aliitazama bandeji mkononi.

"Kwenye ramani ya gari kuna sehemu imeandikwa Nyumbani," alisema hatimaye. "Miaka yote ilikuwa kwangu. Hata alipoondoka hakuibadilisha, na mimi nilikuwa naitazama kila siku kwenye simu. Nikasema atarudi. Siku moja nikaibonyeza, kumbe kaibadilisha, ikanionyesha mtaa nisioujua."

"Ukamfuata."

"Nilitaka airudishe. Nilimwambia hivyo, rudisha ilivyokuwa. Akanyoosha mkono kufungua mlango."

"Spana ulikuwa umeshaishika?"

"Ndiyo."

"Basi hukwenda kuzungumza."

"Nilipiga mpaka akanyamaza," alisema.

"Alinyamaza kwa pigo la kwanza."

Mwanamume yule akafunika uso. Msumari hakumwonea huruma hata chembe. Alimsogezea karatasi ya maelezo atie sahihi.

Seremala alitolewa mahabusu mchana huohuo, mikwaruzo ya kucha ikiwa bado mibichi. Mama yake alikuwa kwenye benchi, kanga ameikunja mdomoni. Alinyanyuka, akajishikilia ukutani.

"Nisamehe, baba," alimwambia mwanawe.

Seremala alimshika mkono asianguke. Lakini hakumtazama usoni.

"Tukamzike kwanza, mama."