Sindano Kwenye Nyaya za Lori

Mpelelezi alilala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, mita ya umeme kifuani. Lori la jeshi lilikuwa kuukuu, na uso wake ulikuwa umebonyea vibaya tangu liliposhuka mlima bila kusimama likagonga ukuta wa daraja. Koplo aliyekaa kando ya dereva alikufa papo hapo. Dereva alivunjika miguu, na sasa alikuwa hospitalini chini ya ulinzi, akituhumiwa kuua kwa kukimbiza gari. Yeye alishikilia neno moja tu: alikanyaga breki, zikakataa.

Ukweli ulikuwa ndani ya kompyuta mbili za lori, ya injini na ya breki, ambazo hutunza kumbukumbu za mwendo na hitilafu. Lakini kila mpelelezi alipochomeka kifaa chake, kioo kilimjibu kwamba hakuna mawasiliano.

"Zimekufa kwa kile kishindo, afande," alisema fundi umeme, ambaye karakana nzima ilimwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka upesi.

"Zote mbili kwa pamoja?"

Kiberiti akakuna kidevu. "Ndiyo maana niliomba uletwe."

Plagi ya kuchomekea kifaa ilikuwa na umeme, fyuzi zilikuwa nzima. Mpelelezi akapima zile nyaya mbili ambazo kompyuta huzitumia kuzungumza. Mita ilitakiwa kusoma sitini, ilisoma sifuri. Maana yake nyaya zimegusana mahali fulani. Akachomoa kompyuta ya injini: sifuri. Akachomoa ya breki: sifuri vilevile. Basi kompyuta hazina kosa, ubovu uko njiani. Akazifuata nyaya kwa vidole hadi nyuma ya dashibodi, na huko, juu ya vumbi la miaka, akakuta utepe mweusi mpya. Akaubandua taratibu.

Sindano ya kushonea, iliyokatwa kichwa, ilikuwa imezitoboa nyaya zote mbili.

Akatoka chini ya dashibodi bila haraka, akifuta mikono.

"Nani hapa anazijua nyaya hizi?"

"Mimi na fundi mkuu," alijibu Kiberiti. Kisha akaiona sindano, uso ukasawijika. "Afande, najua unachofikiri. Ndiyo, niligombana na dereva. Aliniita mvivu mbele za watu. Lakini ningekuwa nimezifunga mdomo kompyuta hizi, ningekuita uje uzifungue?"

Jibu lilikuwa zuri, ila mpelelezi alishawahi kudanganywa kwa majibu mazuri zaidi. Akaenda kwa mlinzi wa lango la yadi, mwenye ufunguo wa lori.

"Tangu livutwe hapa, nani ameingia ndani yake?"

"Kiberiti aliingia mara moja, nikiwa nimesimama naye mlangoni. Hakuinama popote, alichomeka kifaa akachomoa. Mwingine hakuna." Mlinzi akasita. "Labda fundi mkuu. Alifuata koti la mwanawe. Yule dereva ni mwanawe wa kumzaa, afande. Ningemkatalia vipi baba wa mtu? Nikamwacha peke yake."

Hospitalini, dereva alikuwa macho, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

"Koti lako lilibaki kwenye lori?"

"Nilikuwa nimelivaa. Wauguzi walilikata kwa mkasi." Akaonyesha kwa kidevu mfuko uliokuwa chini ya meza. Mpelelezi akaufungua. Koti lilikuwemo, vipande vinne, likinuka dizeli na damu.

Alirudi kwenye lori, akaing'oa sindano, akatenganisha nyaya na kuzifunga vizuri. Safari hii kompyuta zilizungumza. Alisoma kila kitu mara mbili, na alipomaliza alikaa kidogo kwenye kiti cha dereva, hana hamu ya kusimama.

Alimkuta fundi mkuu ofisini mwake. Akaiweka sindano mezani.

"Mzee wangu, kwenye lori ulifuata nini?"

"Koti la kijana."

"Koti liko hospitalini, limekatwakatwa."

Mzee akakaa. Akaitazama sindano.

"Mwanangu amependa kasi tangu akiwa na baiskeli," alisema. "Nilipoambiwa ameua, nikajua tu amekimbiza. Mama yake alishatutoka. Sina mwingine. Nikazitoboa nyaya ili mwendo wake usisomwe."

"Yeye mwenyewe alikwambia nini?"

"Alisema breki. Madereva wote husema breki."

"Kompyuta nazo zinasema breki," alisema mpelelezi. "Hadi kileleni mwendo ulikuwa wa kawaida. Alianza kukanyaga breki tangu hapo. Na kabla hata ya safari, kompyuta ya breki ilikuwa inalalamikia vali ya breki za nyuma. Nani aliifunga vali hiyo?"

Mzee akavua kofia.

"Mimi. Niliing'oa kwenye lori jingine bovu. Vipuri havikuwa vimefika, na msafara ulikuwa unaondoka." Akafunika uso. "Nipeleke kwake kwanza. Kabla hujanipeleka kwingine."

Hospitalini, mzee alimweleza mwanawe mwenyewe, amesimama, kofia mkononi, bila kuruka kitu. Dereva alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo siku zote hizi uliamini mimi ndiye niliyemuua."

"Nilitaka kukuokoa, mwanangu."

"Baba, nilikuwa nasema ukweli."

Mpelelezi alifungua pingu kwenye mkono wa kijana. Baba akanyoosha wake kabla hajaambiwa, na kijana akageuza uso ukutani.